Uvimbe wa Mizizi ya Maharagwe: Je, ni Ugonjwa?

Jumamosi moja mzee jirani yangu alifika nyumbani kwangu na mche wa maharagwe mkononi. "Mwanangu," akasema, "wewe uliyesoma, niambie huu ni ugonjwa gani. Tazama mizizi ilivyovimba. Nimekwisha kung'oa mstari mzima, na kesho nataka kuchoma yote iliyosalia."

Nikatwaa wembe, nikapasua kinundu kimoja. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama. Nikamjibu, "Mzee, usichome. Hao ni vibarua wako."

Jambo lenyewe ni hili. Kila mmea huhitaji naitrojeni. Katika hewa kavu, sehemu 78 kwa mia ni naitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia hali ilivyo. Basi mimea ya jamii ya kunde, kama maharagwe, mbaazi na njugu, hupatana na bakteria wa udongoni waitwao rizobia, wasioonekana kwa macho. Mzizi hutoa kemikali ya kuwaita, nao hujibu kwa kemikali yao. Ndipo unywele wa mzizi hujikunja na kuwakumbatia. Nao huingia kwa njia nyembamba kama uzi, na mzizi huwajengea kinundu. Humo mmea huwalisha sukari itokayo majanini, nao huigeuza naitrojeni ya hewa kuwa amonia, ambayo mmea huitumia. Kile chenye rangi nyekundu hushika oksijeni isije ikazidi, maana ikizidi kazi husimama.

Mambo haya si ya kubahatisha. Wajerumani wawili, Hellriegel na Wilfarth, waliyatangaza mwaka 1886, na mwaka 1888 Mholanzi Beijerinck akafaulu kuwakuza bakteria hao peke yao.

Hata hivyo, hofu ya mzee ilikuwa na sababu, kwa kuwa wako minyoo wadogo mno wa udongoni ambao huvimbisha mizizi na kuidhoofisha. Yafaa kila mkulima ajue kuwatofautisha. Kinundu chema hukaa ubavuni mwa mzizi, na hubanduka kwa kidole. Uvimbe wa minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba, haubanduki. Tena, kinundu chekundu kinafanya kazi. Cha kijani au kijivu kimekwisha choka.

Kwa hiyo chimbua mche kwa jembe, usiuvute, maana vinundu hukatika vikabaki ardhini. Usitie mbolea nyingi ya naitrojeni kwenye maharagwe, kwa kuwa mmea ukishiba hauwajengei bakteria nyumba. Wakati wa kuvuna, kata mashina uiache mizizi ioze shambani.

Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akautazama tena mche wake. "Basi mstari ule," akasema, "nimewafukuza vibarua wasio na kosa." Kesho yake hakuchoma kitu.