Sambusa za Pojo na Haki ya Jirani

Zipo nyumba hapa Junda ambazo nyama ikikosekana, mama huona haya, na sahani ya jirani hukatika. Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharri azidishe maji katika mchuzi, awakumbuke majirani. Hakumtaka azidishe nyama.

Basi chemsheni pojo ziive zisipondeke, mkaushe maji yote. Tieni thomu, bizari nyembamba, chumvi na pilipili. Zikipoa, changanyeni kitunguu kilichokatwakatwa, dania na ndimu.

Kwa manda, kandeni unga wa ngano, chumvi na maji mpaka donge liwe gumu kiasi. Sukumeni vidonge vinne, mpake mafuta na kunyunyiza unga baina yake, mvipandanishe, msukume tena, kisha mpashe juu ya chuma bila kugeuza rangi. Bandueni zingali moto, mkate, mkunje pembetatu, mjaze, mzibe kwa uji mzito wa unga. Pojo zenye majimaji hupasua manda. Mafuta yasiyopata moto huzilowesha.

Kabla ya adhana ya Magharibi, tengeni kwanza za jirani. Mola atubarikie kichache chetu. Amin.