Masika na moyo mzito: Nyumba yako inahitaji taa gani?

Masika yakiingia Chole, kisiwa kidogo kinachotazamana na Utende wilayani Mafia, mawingu hutanda kutwa. Wapo wanaojihisi wazito, wenye usingizi mwingi na wasio na hamu ya kazi. Ndugu aliyeko Ulaya akisikia, husema huko hali hiyo ina jina, na ina taa yake maalumu.

Je, mzazi wa Chole naye aitafute taa hiyo? Jibu ni hapana. Fedha hiyo ina kazi kubwa zaidi nyumbani: kukiondoa kibatari.

Sonona ya majira ni nini?

Ni ugonjwa wa kweli, ulioelezwa kitaalamu mwaka 1984 na daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani. Mgonjwa hupata huzuni, usingizi mwingi na hamu ya vyakula vya wanga kila mwaka majira yaleyale, mara nyingi ya baridi.

Unahusishwa na ufupi wa mchana. London, mwezi Desemba mchana ni saa 8 hivi, ilhali Juni hupita saa 16. Chole iko karibu nyuzi 8 kusini mwa Ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi wa mwaka ni kama saa moja tu.

Taa ya tiba inayotumika huko hutoa mwanga wa luksi 10,000, na mgonjwa hukaa mbele yake kama nusu saa kila asubuhi. Balbu ya kawaida chumbani haifikishi hata luksi 1,000. Lakini nje, hata mawingu yakiwa mazito, mwanga wa mchana kwa kawaida huwa maelfu ya luksi.

Kwa hiyo mwanga wa kuchangamsha mwili unao bure. Fungua madirisha mapema, utoke nje nusu saa asubuhi, utembee au ufanye kazi za uani. Usilikodolee jua macho.

Hatari ya kibatari

Taa ya kununua ni ya usiku, na hapo ndipo penye hatari. Kibatari hugeuza takriban asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yake kuwa masizi meusi, ambayo mtoto anayesoma karibu nacho huyavuta kifuani. Tangu mwaka 2014, Shirika la Afya Duniani limeshauri mafuta ya taa yasitumike majumbani.

Kuna pia moto. Kibatari kisisogezwe kabisa karibu na chandarua. Mtoto akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala chumvi, kisha mpeleke zahanati.

Mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji. Mtoto akiyanywa, usimtapishe wala usimpe maziwa: mafuta yakipanda huweza kuingia kwenye mapafu. Mkimbize kituo cha afya.

Namna ya kuchagua taa ya sola

Ukipiga hesabu ya mafuta unayonunua kila wiki, utaona taa ndogo ya sola hurudisha gharama yake. Zingatia haya:

1. Mwanga. Kibatari hutoa lumeni 10 hivi. Kwa mtoto anayesoma, tafuta taa ya lumeni 50 au zaidi, iwekwe karibu na daftari. Mwanga hafifu huchosha macho na kuumiza kichwa, ingawa hauleti upofu.

2. Ubora. Angalia alama ya TBS au uthibitisho wa VeraSol, na udai risiti na udhamini usiopungua mwaka mmoja. Taa ya bei ya chini sana ikifa baada ya miezi mitatu, imekuwa ghali.

3. Betri. Uliza kama inabadilishwa, na nani ataibadilisha.

4. Matunzo. Hewa ya bahari ina chumvi. Futa paneli kwa kitambaa chenye maji baridi yasiyo ya chumvi, uiweke pasipo kivuli cha mnazi. Siku za mvua ianike tangu alfajiri.

Kama fedha inatosha taa moja tu, ianze pale watoto wanaposoma na kulala.

Huzuni isiyoisha

Upepo wa kusi ukikaza na mvuvi akabaki pwani, mawazo ni jambo la kawaida. Lakini huzuni, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, na kupoteza hamu kukizidi wiki mbili, hiyo huenda ni sonona, na taa haitoshi.

Mama aliyejifungua karibuni na kijana aliyejitenga wasiambiwe ni wavivu. Waanzie zahanati, na ikibidi wavuke kwenda hospitali ya wilaya Kilindoni. Anayesema anataka kufa asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe siku hiyohiyo.