Lubumbashi: Chokaa ndani ya sufuria si sumu, hatari ya maji iko kwingine

Wakaaji wa Lubumbashi wanaotumia maji ya Regideso wanaijua alama hii: maji yakichemka, chini ya sufuria kunabaki unga mweupe, na ndani ya birika tabaka gumu kama jiwe linaongezeka wiki baada ya wiki. Katika nyumba nyingi unga huo umezaa woga. Kuna wanaosema ni dawa iliyozidi, kuna wanaosema unaleta mawe katika figo, na kuna wanaoacha robine na kwenda kuchota kwenye kisima cha jirani kwa sababu maji yake hayaachi chokaa. Uamuzi huo wa mwisho ndio unaoweza kugharimu maisha.

Unga unatoka wapi?

Regideso huchota maji mengi ya mji huu chini ya ardhi, kwenye visima virefu kama vile vya Kimilolo. Chini ya udongo mwekundu wa Lubumbashi kuna mwamba wa dolomia, jiwe lililojaa kalisiamu na magnesiamu. Maji ya mvua yanapopenya udongoni hubeba gesi ya kaboni, yanakuwa na uchachu kidogo na kuyeyusha mwamba huo polepole. Yanapochemshwa jikoni, gesi inatoka na chokaa iliyoyeyuka inarudi kuwa unga. Hautokani na klorini ya Regideso, wala hauonyeshi kwamba maji ni machafu.

Wataalamu hupima ugumu wa maji kwa miligramu za chokaa katika lita moja. Chini ya 60 maji ni laini, juu ya 120 ni magumu, na yakizidi 180 yanaitwa magumu sana. Shirika la Afya Duniani, OMS, halikuweka kiwango cha mwisho cha ugumu kwa sababu za kiafya. Kalisiamu na magnesiamu ni madini ambayo mwili unayahitaji.

Hasara iko mfukoni

Hata hivyo, maji magumu yanagharimu. Sabuni hushikana na kalisiamu na kugeuka utando mweupe badala ya kutoa povu, hivyo mama anayefua anamaliza kipande haraka. Maharagi yanachelewa kuiva. Birika lenye tabaka la chokaa linakula makala au umeme zaidi, kwa sababu moto unapita kwanza katika chokaa kabla ya kufika kwenye maji.

Dawa ya tabaka hilo ni rahisi: vinegre au maji ya ndimu yakiachwa ndani ya birika kwa saa chache, kisha kusuguliwa na kusuuzwa. Kwa kunywa, inatosha kuacha maji yaliyochemshwa yatulie, halafu kumimina yale ya juu katika chombo safi.

Hatari haionekani

Maji yanayong'aa katika glasi, yasiyoacha unga wowote, yanaweza kubeba vijidudu vya kipindupindu au homa ya matumbo. Haut-Katanga ni moja ya mikoa ambamo kipindupindu hurudi mara kwa mara. Mwanzoni mwa mwaka 2008 kiliwapiga watu wengi Lubumbashi na Likasi.

Kisima kifupi kilichochimbwa katika lupango dogo, hatua chache kutoka kwenye choo, hakina mwamba wa kuyapa maji chokaa, lakini pia hakina ulinzi. Wakati wa mvua, uchafu wa choo unashuka na kuchanganyika na maji hayo. Ndiyo sababu kuacha robine kwa kukimbia chokaa ni kukimbia kisicho na madhara na kukaribia kinachoua.

Robine nayo haina kinga kamili. Dolomia ina nyufa, na uchafu wa juu unaweza kushuka upesi hadi kwenye maji ya chini bila kuchujwa vya kutosha. Zaidi ya hapo, umeme ukikatika, pampu zinasimama na nguvu ya maji inashuka ndani ya mabomba. Pale bomba lilipotoboka, maji machafu ya mtaro yanaweza kuingia. Maji ya kwanza yanayorudi baada ya ukosefu wa saa nyingi ndiyo ya kuogopa zaidi: yafaa kuyaacha yatiririke kwanza, na kuyatumia kwa kusafishia sakafu.

Kuna tena swali la madini. Mji ulioyeyusha shaba tangu mwaka 1911 unapaswa kupima kobalti, risasi na kadhalika katika maji yake. Kuchemsha hakuondoi vitu hivyo, na macho hayavioni. Maabara peke yake ndiyo yenye jibu.

Nini cha kufanya nyumbani

Kwa vijidudu, njia mbili zimethibitishwa. Ya kwanza ni kuchemsha hadi maji yatokote kwa nguvu kwa muda wa dakika moja. Ya pili ni klorini au javel isiyo na manukato, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na kungoja dakika 30 kabla ya kunywa. Maji yenye tope yachujwe kwanza, kwa sababu tope linapunguza nguvu ya klorini. Bidoni ifunikwe, na kikombe cha kuchotea kisiguse mikono. Maji safi huchafuliwa mara nyingi ndani ya nyumba yenyewe.

Haki ya kujua

Ibara ya 48 ya Katiba ya Kongo inadhamini haki ya kupata maji ya kunywa, na sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015 iliweka kanuni za huduma hiyo. Lakini haki hiyo haiishii kwenye maji kufika robineni. Mkaaji anayelipa bili anahitaji kujua, kwa lugha anayoielewa, matokeo ya vipimo vya maji ya mtaa wake: klorini iliyobaki, vijidudu, madini, na ugumu. Karatasi moja ikibandikwa kila mwezi kwenye ofisi ya komini ingeondoa uvumi mwingi. Bila hiyo, watu wataendelea kuhukumu maji kwa macho, wakiogopa unga mweupe na kunywa kwa amani kile kisichoonekana.