Bukama: daktari anafundishwa wapi kuongoza?

Daktari anayetumwa Bukama, katika jimbo la Haut-Lomami, mara nyingi anakuwa mkuu tangu siku za kwanza. Hakuna profesa wa kumuuliza usiku. Anapasua wajawazito, anapanga zamu, anahesabu dawa zilizobaki na kutuliza ugomvi kati ya wafanyakazi.

Katika hospitali za chuo kikuu, kama Lubumbashi, mambo ni tofauti. Madaktari wanaosomea ubingwa hufanya kazi miaka kadhaa chini ya maprofesa. Waliotangulia huwasimamia wadogo wao. Katika nchi mbalimbali, wakubwa hao hupewa mafunzo ya uongozi: kuendesha kikao, kugawa kazi, kumrekebisha mdogo bila kumwaibisha mbele ya mgonjwa.

Lakini mabingwa wengi hubaki mijini, na mafunzo hayo hubaki nao. Kongo ina zone za afya 519, kila moja ikiwa na daktari mkuu wake. Wengi wao ni madaktari wa kawaida, waliofundishwa magonjwa kuliko kuongoza watu.

Bukama inaonyesha uzito wa pengo hilo. Mji uko kando ya mto Lualaba. Reli ilifika huko mwaka 1918, na kutoka hapo mashua hushuka hadi Kongolo. Eneo hilo la mto na maziwa ni mojawapo ya makao ya kudumu ya kipindupindu nchini. Ugonjwa ukizuka, serumu peke yake haitoshi. Lazima mtu awakusanye wauguzi wakuu wa vituo, asome hesabu za wagonjwa, apeleke klorini, azungumze na wavuvi na machifu. Hiyo ni kazi ya uongozi.

Vivyo hivyo mama anapofariki akijifungua. Mkuu akifoka, wafanyakazi wataficha yaliyotokea. Akiuliza kwa utulivu mama alifika saa ngapi, damu ilikuwepo au la, nani aliitwa, anayefuata anaweza kupona.

Mafunzo hayo hayahitaji jumba jipya. Anayesomea ubingwa anaweza kukaa miezi michache katika hospitali ya kijijini. Mikutano ya madaktari wakuu wa zone huko Kamina inaweza kutenga saa moja ya kujadili kisa kimoja kigumu. Na daktari aliyekaa Bukama miaka mingi ana mengi ya kuwafundisha walioko Lubumbashi.