Qarn al-Manazil: Miqati Moja au Mbili?

Imepokewa kutoka kwa Ibn Abbas (r.a.), katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) aliwawekea watu wa Najd miqati ya Qarn al-Manazil. Leo atokaye Taif kwenda Makka ana njia mbili: ya Sayl al-Kabir, upande wa kaskazini, na ya Hada, iliyofunguliwa mwaka 1965, inayoteremka mlima kwa mapindi mengi. Je, anayehirimia Wadi Muhrim kwenye njia ya Hada amehirimia miqati yenyewe, au mahali palipo sambamba nayo tu (muhadhat)?

Ndugu msomaji, hapa ramani ya topografia hutusaidia kuyafahamu maneno ya mafaqihi. Mistari ya kontua huunganisha mahali penye kimo kimoja kutoka usawa wa bahari. Ikibanana, hapo pana mteremko mkali. Magharibi ya Hada imebanana mno, kwani ardhi huporomoka kutoka takriban mita 2,000 kuelekea Makka, iliyo kiasi cha mita 300 tu. Bonde nalo hutambulikana kwa kontua zilizopinda mfano wa herufi V, ncha ikielekea maji yanakotoka. (Kwenye mgongo wa mlima ncha huelekea chini, na wengi huyachanganya mawili haya.) Wala usitafute mto: wadi za jangwani huchorwa kwa mstari wa vipandevipande, maana hutiririka mvua inyeshapo tu.

Basi tukizifuata ncha hizo kutoka Sayl al-Kabir kwenda juu, twafika kwenye miinuko ya Hada, na huko ndiko iliko Wadi Muhrim. Hii ndiyo kauli aliyoishika Sheikh Muhammad bin Ibrahim, Mufti wa Saudi Arabia aliyefariki mwaka 1969: bonde ni moja, Sayl ni chini yake na Muhrim ni juu yake. Kwa hiyo hapana haja ya hoja ya muhadhat, aliyoitumia Sayyidna Umar (r.a.) alipowawekea watu wa Iraq Dhat Irq.

Hata hivyo ramani haiweki miqati. Majina ya mabonde yalithibiti kwa wenyeji na wanavyuoni kabla ya mchora ramani kufika.

Mahujaji wetu wanaozuru Taif kisha wakarejea Makka kwa nia ya Umra wazingatie kuwa Wadi Muhrim iko kabla ya mapindi. Aliyeanza kuteremka bila ihramu ameshaivuka. Arudi, na akihirimia huko mbele bila kurudi, kwa jumhuri ya maulamaa ana dam.