Ngoma Kuu ya Nagona katika Sikio la Mpigangoma wa Katumba

Uhakiki wa Nagona (1990), riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyouacha uhalisia na kuingia katika ulimwengu wa njozi, umeegemea mno falsafa. Sababu ipo: tasnifu aliyoiandikia Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985 ilihusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Hata hivyo, riwaya inaelekea kwenye Ngoma Kuu, na wahakiki huigeuza ishara kabla hawajaisikia kuwa ngoma.

Msomaji mwingine anafikirika kwa urahisi huko Katumba, mkoani Katavi, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 kwa watu walioikimbia Burundi mwaka uliotangulia. Huyo ni mpigangoma aliyelelewa kwa Kirundi na kusomeshwa kwa Kiswahili. Katika Kiswahili, ngoma ni ala, ni uchezaji, tena ni hafla yenyewe. Katika Kirundi, ingoma ni ala na pia ni ufalme, ni utawala. Karyenda, ngoma ya kifalme, ilikuwa nembo ya dola hadi ufalme ulipofutwa mwaka 1966. Basi mpigangoma huyo, akisoma habari za Ngoma Kuu, hasikii shangwe peke yake. Anasikia pia utawala mkuu unaokuja. Kwa mtu ambaye wazazi wake walifukuzwa na utawala, neno hilo si jepesi. Tazamio la mkombozi wa pili, ambalo ni rahisi kulisoma kwa matumaini matupu, kwake linaingiwa na hofu.

Lipo pia suala la ukimya, uliotanda katika riwaya hii. Katika upigaji wa Kirundi, inkiranya hukaa katikati na kuongoza, ibishikizo huifuata, na amashakwe hushikilia mdundo usiokatika. Kwa sikio lililozoea mpango huo, ukimya ni amashakwe yaliyonyamazishwa, yaani kazi ya mtu fulani, wala si utupu wa kifalsafa. Swali linakuwa: nani aliyanyamazisha?

Itapingwa kwamba Kezilahabi hakuwa Mrundi. Ni kweli, alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Lakini Ukerewe nako watawala walikuwa na ngoma zao za enzi, na pingamizi hilo linadhoofika pale pale linapotajwa.