Baka la Paji la Uso, Jicho na Ubongo

Mwaka 1879, daktari William Allen Sturge aliwaeleza madaktari wenzake jijini London habari za msichana wa miaka sita na nusu. Tangu azaliwe, upande wa kulia wa uso wake ulikuwa na baka kubwa la zambarau. Jicho la kulia lilikuwa limekuwa kubwa kuliko la kushoto, na mara kwa mara mkono na mguu wa kushoto vilishikwa na degedege. Sturge akajenga hoja: nusu ya kulia ya ubongo ndiyo inayoongoza viungo vya kushoto, kwa hiyo bila shaka baka kama lile la usoni limeutanda ubongo upande huohuo. Hakuwa na namna ya kuuona ubongo wa mtoto aliye hai, kwani hata eksirei ilikuwa bado kugunduliwa. Mwaka 1922 mwenzake wa Uingereza, Frederick Parkes Weber, alichapisha picha za eksirei za mgonjwa mwingine zilizoonyesha ubongo ulioathirika. Ugonjwa ukaitwa kwa majina yao wawili.

Ninaithamini hoja ya Sturge kwa sababu alikataa kuona magonjwa matatu kwa mtoto mmoja. Mama wa leo bado anaweza kuambiwa kwamba baka ni la ngozi tu, machozi yasiyokauka ni ya vumbi, na degedege imeletwa na malaria. Kila jibu, likisimama peke yake, linaaminika. Yakiunganishwa ndipo ukweli unapoonekana, na kwa mtoto huyu wiki chache za kuchelewa zinaweza kumgharimu jicho.

Chanzo kilifichika kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 1987 Rudolf Happle, daktari wa ngozi wa Ujerumani, alipendekeza kwamba baadhi ya magonjwa ya namna hii hutokana na kasoro nzito mno ya jeni: ingekuwa katika seli zote, mimba isingeishi. Mtoto hunusurika kwa sababu kasoro imo katika baadhi tu ya seli zake. Mwaka 2013 watafiti wa Taasisi ya Kennedy Krieger, Baltimore, na wa Chuo Kikuu cha Duke walilinganisha sehemu zenye baka na zisizo na baka katika miili ya watu walewale. Wakakuta herufi moja tu ya DNA imebadilika, katika jeni iitwayo GNAQ. Kati ya wagonjwa 26 waliopimwa, 23 walikuwa nayo.

Protini inayotokana na jeni hiyo hupokea ishara kutoka nje ya seli, huzipitisha ndani, kisha hujizima. Iliyobadilika ni kama bomba ambalo koki yake haifungi sawasawa: ishara zinaendelea kudondoka hata pasipo haja, na vishipa vya damu vinatanuka bila mpangilio. Kwa nini basi vigusike viungo hivi vitatu? Katika wiki za mwanzo za mimba, mishipa ya paji la uso, ya jicho na ya utando unaofunika sehemu ya ubongo huchipuka kwa ujirani wa karibu sana. Kosa likitokea mapema, uzao wa seli moja husambaa kote huko. Likichelewa, linaishia kwenye ngozi. Ndiyo maana watoto watatu hivi katika kila 1,000 huzaliwa na baka la aina hii na wengi wao hawana tatizo lingine, ilhali ugonjwa wa Sturge-Weber hukisiwa kumpata mmoja kati ya watoto 20,000 hadi 50,000. Baka lililo kwenye paji la uso au kope la juu ndilo la kushtukiwa.

Na hapo ngozi yetu nyeusi inadai jicho makini. Vitabu vingi huonyesha wekundu mkali kwenye ngozi nyeupe. Kwa mtoto mweusi, baka linaweza kuwa weusi uliokolea kidogo tu kuliko ngozi inayolizunguka, likapita bila kuonwa na mkunga wala familia.

Presha ya macho huwapata karibu nusu ya watoto wenye ugonjwa wa Sturge-Weber, mara nyingi katika mwaka wa kwanza. Ukuta wa jicho la mtoto mchanga bado ni laini, hivyo presha inalikuza. Mama husifiwa kwamba mwanawe ana macho makubwa mazuri, kumbe moja linaharibika. Kuukimbia mwanga, machozi mfululizo na ukungu juu ya mboni ni sababu ya kwenda kwa daktari wa macho mara moja. Kuna dawa za matone na upasuaji, na hata macho yakikutwa salama yaendelee kupimwa kwa miaka mingi.

Ubongoni, damu hupita kwa shida katika mishipa ile, na sehemu iliyo chini yake hukosa hewa na lishe. Miongoni mwa wanaopata degedege, robo tatu hivi huanza kabla ya kutimiza mwaka. Homa au kugonga kichwa kidogo tu kunaweza kuleta udhaifu wa upande mmoja unaofanana na kiharusi. Dawa za kifafa ndizo nguzo ya tiba. Baadhi ya madaktari huongeza aspirini kwa dozi ndogo, jambo lisilofaa kujaribiwa nyumbani. Dawa zikishindwa kabisa, upasuaji wa kuitenga sehemu mbovu ya ubongo huwakomboa baadhi ya watoto, kwani ubongo mchanga unaweza kuhamishia kazi zake upande wa pili.

Linabaki swali ambalo akina mama huulizwa kwa ukali na wakwe na majirani: ulifanya nini? Hakuna alichokula, alichokitamani wala alichokikosea kilicholeta baka hili. Kosa lilitokea katika seli moja ya mtoto, baada ya mimba kutungwa, wala halikurithiwa kwa mama au baba. Mimba itakayofuata haina hatari kubwa kuliko mimba ya mwanamke mwingine yeyote.